Mke Mwenza wa Mezani

Jumamosi, 6 Machi

Siku ya ishirini na mbili ya ndoa. Bado nikiamka nageuka haraka kumtazama kama yupo kweli. Yupo. Analala mdomo wazi, na vumbi la mbao limemng'ang'ania kwenye nyusi, hata aoge mara ngapi halitoki lote. Ananukia mbao mbichi na gundi. Wenzangu niliosoma nao walisema seremala atanichafulia mashuka. Achafue.

Daftari hili nililinunua niandike maneno matamu tu, nije nimsomee tukiwa wazee. Lakini leo habari imezidi maneno matamu. Mume wangu amenipa kompyuta.

Aliileta kwa mkokoteni kutoka karakana yake, ameiviringisha kwa shuka letu la harusi. Ni ya zamani, skrini ina kisogo kirefu, kibodi imefutika herufi tatu. Aliinunua juzi Alhamisi kwa yule muuzaji wa mashine zilizotumika karibu na stendi, anayeitwa Miwani kwa sababu huvaa miwani moja machoni na nyingine kichwani. Akaificha karakana siku mbili ili anishtukize. Meza aliyonitengenezea haijakauka vanishi, kwa hiyo tuliweka kila kitu kitandani, kasha limelala ubavu kama mgonjwa, tukachomeka waya. Ikawaka. Nilichapa "mume wangu" mistari arobaini, naye amesimama nyuma yangu, mikono mabegani kwangu, ananiomba nipunguze mwendo aone vidole. Nina cheti cha kompyuta cha miezi mitatu nilichopata baada ya kidato cha nne. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba nimwonyeshe. Huyu alikitilia fremu.

Wifi yangu, mdogo wake, alichungulia mlangoni akasema kaka yake ameoa wake wawili ndani ya mwezi mmoja. Yeye na mama mkwe wanakaa chumba cha pili, uani kwetu hapa hapa, kwa hiyo hakuna linalowapita.

Nyuma ya kasha kuna kikaratasi cha rangi ya fedha, kimebandikwa juu ya skrubu: KIKICHANIKA, WARANTI IMEKUFA. Siku thelathini, mpaka tarehe 3 Aprili. Risiti nimeiweka pamoja na cheti cha ndoa.

Jumapili, 7 Machi

Meza imekauka. Tuliisimamisha kompyuta juu yake, nikatandika kitambaa nilichofuma mwenyewe, nikabonyeza. Taa ya kijani ikawaka, feni ikavuta pumzi kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha kimya. Nikabonyeza tena. Pumzi, kimya. Mara kumi na moja.

Mume wangu akasema labda imechoka na safari. Nilimbusu kwa kusema hivyo.

Jumatatu, 8 Machi

Haikuwaka.

Jumatano, 10 Machi

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi ya hapa mtaani amenipitia mwenyewe, na mwavuli wake na sauti yake ya chini inayofanya watu wakae wima. Karani wake anaacha kazi mwisho wa muhula, anamfuata mumewe aliyehamishwa. Amesikia nina cheti na nina kompyuta. Anataka mitihani ya mwisho wa muhula ya madarasa yote saba, karatasi arobaini na mbili, nimpelekee kwenye flashi Ijumaa tarehe 16 Aprili. Ikifika kamili na safi, nafasi ya karani ni yangu. Ikichelewa hata siku moja, anaye mtu mwingine. Na ni marufuku kuchapia kwenye vibanda vya intaneti, kwa sababu mwaka jana mtihani mmoja ulivujia huko. Ichapwe nyumbani, mlango umefungwa.

Nikasema ndiyo, Mwalimu. Kompyuta ipo, Mwalimu. Akaitazama pale mezani chini ya kitambaa changu, akasema imependeza.

Nimefurahi mpaka nimeshindwa kula. Ofisi yangu. Kiti changu. Watu wabishe hodi kwangu. Jioni nilimwambia mume wangu, naye alinibeba akanizungusha mpaka nikagonga goti kwenye mlango. Kisha nikabonyeza kitufe. Pumzi, kimya. Nikakipiga kile kikasha kofi. Ni mara ya kwanza maishani mwangu kupiga kitu kisicho na masikio.

Ijumaa, 12 Machi

Mvua zimeanza. Fundi umeme wa mtaa wa pili alikuja, akapima soketi, akasema umeme wetu ni dhaifu. Akabadilisha waya. Haikuwaka. Akasema basi tatizo liko ndani, akatoa bisibisi. Nikasimama kati yake na kasha. Nilimwambia akichana kile kikaratasi, atanunua yeye kompyuta nyingine. Akacheka, akasema hajawahi kuona mke anayelinda karatasi kuliko mume. Mume wangu alikuwa amekaa kitandani anasikiliza. Nilidhani ananionea fahari.

Jumatatu, 15 Machi

Mvua. Haikuwaka.

Jumatano, 17 Machi

Walimu wameanza kuleta mitihani iliyoandikwa kwa mkono. Darasa la kwanza ni picha za kuku na vikombe. Darasa la sita mwalimu ana mwandiko wa mtu anayekimbizwa. Nimezipanga juu ya kabati ndani ya mfuko wa nailoni.

Nilisema kesho tuirudishe kwa Miwani, atubadilishie au aitengeneze, waranti si ya mapambo. Mume wangu akasema tusimsumbue mzee wa watu, ni unyevu tu, jua likitoka itawaka. Aliniambia huku ananisuka nywele za mbele, vidole vizito, anavuta vibaya. Nikakubali. Ninavyompenda huyu mtu, ningekubali hata angesema ni mashetani.

Jumamosi, 20 Machi

Imewaka! Bati linavuja juu ya meza, maji yakaanza kudondoka, nikaikumbatia kompyuta yote na kuilaza kitandani. Nikabonyeza kwa hasira tu, ili nijue kama maji yameiua. Ikafunguka kama haijawahi kukataa. Nilichapa Hisabati ya darasa la tatu maswali kumi na mawili. Mume wangu akaziba bati, akaona nimekunja mgongo pale kitandani, akanihurumia, akairudisha mezani. Pumzi, kimya.

Nilimfokea. Mara ya kwanza tangu tuoane. Nilimwambia nani kakuambia uiguse. Alisimama na nyundo mkononi kama mtoto aliyenyang'anywa kitu, nami nikalia, nikamwomba radhi, akaniomba radhi, tukaishia kucheka. Lakini maswali kumi na mawili yamo mle ndani na sina njia ya kuyatoa.

Jumatatu, 22 Machi

Niliilaza kitandani tena. Haikuwaka. Kwa hiyo si kitanda. Nachukia kila kitu kilichotengenezwa kwa vyuma.

Alhamisi, 25 Machi

Wifi ameipa kompyuta jina. Anamwita mke mwenza. Asubuhi alipita na ndoo akauliza mke mwenza ameamkaje, bado amenuna? Akasema amesikia kaka yake anambembeleza mpaka alfajiri na bado hataki kufunua uso. Mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akasema, si kwangu bali kwa sufuria aliyokuwa anasugua, kwamba mwanawe hakuwahi kununua kitu kibovu maisha yake yote, vitu huharibika vikifika mikononi mwa watu. Nimeingia ndani nikafunga mlango. Huyo mama amezaa mwanamume mzuri kuliko wote duniani, sijui aliwezaje.

Ijumaa, 26 Machi

Nilisema twende kwa Miwani. Mume wangu akasema ana oda ya madawati.

Jumapili, 28 Machi

Nilisema twende kwa Miwani. Akasema Jumapili hafungui. Anafungua. Nimepita mwenyewe nimemwona.

Jumanne, 30 Machi

Jua siku mbili mfululizo. Nimeianika mlangoni kama godoro la mtoto. Haikuwaka. Unyevu gani tena huu?

Mwalimu mkuu alituma mtu kuuliza nimefika karatasi ya ngapi. Nikasema naendelea vizuri. Nimesema uongo kwa mtu ambaye nataka aniamini na kabati la mitihani ambalo karani hulishika. Na anayenifanya niseme uongo ni yule mzee mwenye macho manne pale stendi, aliyechukua pesa ya mume wangu mpole na kumuuzia takataka ambayo yeye aliiviringisha kwa shuka la harusi. Kila nikimfikiria nasaga meno.

Jumamosi, 3 Aprili

Leo ndiyo siku ya mwisho ya waranti. Mume wangu alitoka mapema kwenda kuweka milango kwenye nyumba ya watu. Alipoondoka nikamkodi mtu wa mkokoteni, nikaifunika kompyuta kwa nailoni, nikafuata nyuma kwenye matope, risiti nimeiingiza kifuani.

Dukani kulikuwa na watu sita au saba. Walikuwemo fundi wa redio, mama muuza vocha, na mwalimu wa darasa la tano aliyekuja kununua kibodi. Sikusalimia. Mimi niliyelelewa kusalimia hata paka, sikusalimia. Nilimwambia Miwani kwamba ni mwizi, kwamba amemwona mtu mpole anaoa akajua hatarudi kulalamika, kwamba anauza mizoga. Nilisema mengi. Hasira ya wiki nne ilikuwa imejipanga foleni yenyewe, sikuhitaji kufikiri.

Miwani alisikiliza mpaka mwisho. Akavuta ile miwani ya kichwani ikaja machoni, akailaza kompyuta kaunta, akabonyeza. Ikawaka. Watu wakanong'ona. Akaisimamisha. Ikazima. Akailaza upande mwingine, ikakataa. Akaigonga kidogo ubavuni, ikawaka, ikazima. Akasema kuna kitu ndani kinagusa pasipotakiwa kuguswa, na alipoiuza hakikuwemo. Kisha akaigeuza nyuma, akakisogelea kile kikaratasi mpaka pua ikakaribia kugusa.

"Dada, hii imefunguliwa."

Nikamwambia hakuna aliyeifungua. Nikamweleza nilivyomfukuza fundi umeme. Akarudia kwa upole kwamba imefunguliwa. Na hapo, mbele ya watu wale wote, nikanyanyua mkono wenye pete nikaapa kwa ndoa yangu kwamba hakuna mkono wa mtu wa nyumbani kwangu uliogusa kile kikaratasi.

Miwani hakubishana. Alichukua wembe akainua pembe ya karatasi, akanionyesha chini yake. Palikuwa na kitu cha manjano kilichokauka kwa matone madogo, kimesambazwa vizuri mpaka kingo, kazi ya mtu mwenye mkono safi. Kikaratasi kilikuwa na mpasuko katikati, umeunganishwa kwa ustadi ambao macho yangu hayakuuona siku thelathini.

Akaniuliza, "Mumeo si seremala?"

Nilinusa. Sikuhitaji kunusa lakini nilinusa. Ni harufu ninayolala nayo.

Sijui nilikuwa na uso gani. Najua mwalimu wa darasa la tano alicheka puani. Mama muuza vocha akasema watu wana mbinu, wanafungua wenyewe, wanabandika, wanakuja kudai wabadilishiwe. Miwani alimwambia anyamaze. Akaniambia hawezi kuigusa, kwa sababu waranti imekufa na kwa sababu nimemwita mwizi dukani kwake. Lakini nilipokuwa natoka alinifuata mpaka kwenye mkokoteni, akasema kama anayejisemea: mle ndani kuna ubao wa kijani, kila skrubu yake imekaa juu ya kiguu kidogo cha shaba. Isiyo na kiguu, itolewe.

Nimefika nyumbani nimelowa. Wifi ameuliza mke mwenza amesemaje kwa daktari, nikampita. Naandika haya nikiwa nimekaa sakafuni. Namsikia mume wangu uani, anarudi, anapiga mluzi.

Jumapili, 4 Aprili

Amekiri kabla sijamaliza swali.

Alipoinunua, akiwa karakana, aliitikisa kidogo akahisi kitu kinacheza ndani. Hakuweza kunipa kitu kinachocheza. Akafungua. Akakuta ule ubao una matundu tisa na skrubu sita tu. Matundu matatu wazi. Akadhani ni uzembe wa mtu wa awali. Akatafuta skrubu tatu kwenye kopo lake, fupi, nzuri, akazikaza. Akafunga. Ndipo akaona karatasi imechanika, akasoma maandishi yake, jasho likamtoka, akaichukua gundi.

"Hakuna fundi anayeacha tundu bila skrubu," akaniambia. Hata jana, hata baada ya yote, alisema hivyo kwa uso wa mtu aliyedhulumiwa.

Nikamwambia skrubu nimezisamehe. Skrubu ni ujinga, na ujinga nimeolewa nao kwa hiari yangu. Lakini siku thelathini ulinitazama nikilinda karatasi uliyoibandika wewe. Ulikaa kitandani nikimfukuza fundi. Ulinisuka nywele huku unaniambia ni unyevu. Na mimi nimekwenda kuapa kwa ndoa yetu mbele ya watu, na sasa mtaa mzima unajua kiapo changu ni cha uongo, na mimi peke yangu ndiye niliyekuwa sijui.

Akasema aliona haya. Ilikuwa zawadi ya kwanza. Kila siku aliyonyamaza ilifanya siku ya pili iwe ngumu zaidi. Naelewa. Ndiyo maana nina hasira zaidi, kwa sababu naelewa.

Nikamwambia ataenda kwa Miwani, asimame pale nilipoaibika, aseme. Akasema ataenda kesho.

Jumatatu, 5 Aprili

Nilimwomba bisibisi, nikafungua mwenyewe. Alitaka kunishikia tochi, nikamwambia akae mbali. Zile tatu zinang'aa kuliko nyingine, amezikaza mpaka ubao umepinda na kugusa chuma cha chini. Hazina viguu. Nimezitoa moja moja, nikamwekea juu ya mto wake.

Nikafunga, nikaisimamisha mezani, nikabonyeza.

Imewaka. Nikaizima, nikaiwasha. Imewaka. Nikaipiga kofi la ubavuni. Imewaka tu.

Nilingoja furaha ije. Ilikuja kidogo, ikakuta pamejaa. Maswali yangu kumi na mawili ya Hisabati hayakuwemo tena, sikuwahi kuyahifadhi. Nina siku kumi na moja na karatasi arobaini na mbili.

Hajaenda.

Jumatano, 7 Aprili

Karatasi sita. Umeme ulikatika saa nne mpaka saa nane, mvua. Nimelala na mto katikati yetu. Anasema ataenda kesho.

Ijumaa, 9 Aprili

Karatasi kumi na tatu, na macho yananiuma kwa mwandiko wa mwalimu wa darasa la sita. Wifi aliingia bila hodi. Nilijiandaa kwa kejeli. Akavuta kiti, akachukua karatasi, akasema atanisomea, mimi nichape tu. Akanisomea mpaka jioni. Ana sauti nzuri, na akifika penye mwandiko mbaya anamwiga mwalimu mwenyewe, pua juu. Hakutaja mke mwenza hata mara moja. Tulipomaliza aliniambia sokoni wanasema nilijaribu kumwibia Miwani waranti, naye amegombana na watu wawili kwa ajili yangu, ingawa hajui ukweli wenyewe ni upi. Sikumwambia. Si mimi wa kusema.

Mama mkwe bado anasema na sufuria. Leo aliiambia kwamba mwanawe amekonda tangu aoe.

Jumapili, 11 Aprili

Ishirini na mbili. Hajaenda.

Jumanne, 13 Aprili

Thelathini na moja. Amenichongea kiegemeo cha mikono, laini kama sabuni, amekipaka nta. Kizuri sana. Nilikiweka chini ya kitanda. Nilimwambia sitaki kitu anachoweza kukichonga, nataka kitu asichoweza. Alitoka akaenda mpaka kona ya stendi. Wifi alimwona. Akasimama, akarudi.

Alhamisi, 15 Aprili

Arobaini na mbili. Wifi na mimi tulipeana mikono kama wanaume.

Ijumaa, 16 Aprili

Mwalimu mkuu alifungua faili moja baada ya lingine kwenye kompyuta ya karani, robo saa nzima. Akasema ni kazi safi kuliko aliyoizoea. Nilikuwa nimeanza kutabasamu. Kisha akafunga mlango.

Akasema mwalimu wa darasa la tano ameeleza chumba cha walimu kizima kisa cha dukani. Akasema karani hushika funguo za kabati la mitihani, na kabati hilo halina ulinzi mwingine isipokuwa jina la anayelishika. Alikwenda mwenyewe kumuuliza Miwani. Miwani, ambaye nilistahili animalize kwa neno moja, alimwambia dada yule aliapa akiamini anachoapa. Mwalimu mkuu akanitazama, akaniuliza nani basi alibandika.

Jina la mume wangu lilinijaa mdomoni. Nikasema, "Atakuja kulisema mwenyewe, Mwalimu. Kama hakuja, sitalisema mimi."

Akaniambia aliyebandika ana mpaka Jumatatu asubuhi. Baada ya hapo atamwita yule mwingine.

Nilimweleza mume wangu maneno haya yote tukiwa tumesimama uani, sikukaa. Sikulia wala kufoka. Nilimwambia kazi yangu iko kinywani mwake, nikaingia ndani.

Jumamosi, 17 Aprili

Aliamka, akaoga, akavaa shati la harusi. Akasema, twende.

Njia nzima hakunishika mkono, na mimi sikuutoa. Dukani kulikuwa na watu watatu, fundi wa redio mmoja wao. Nilimsalimia Miwani, nikamwomba radhi kwanza kwa sehemu yangu, ya kumwita mwizi, mbele ya hao watatu. Akaitika kwa kichwa. Kisha mume wangu akakohoa. Mtu huyu hubeba mlango wa mninga peke yake, na nilimwona anashika kaunta kwa mikono miwili.

"Ni mimi niliyefungua," akasema. "Nikabandika kwa gundi. Mke wangu hakujua. Aliapa kwa ndoa yetu kwa sababu mimi nilinyamaza."

Miwani akashusha ile miwani ya pili, akamtazama kama anavyotazama mashine. Nilidhani atamfukuza. Akamvutia stuli, akamwambia akae. Akasema dada aliaibika mbele ya watu saba, kwa hiyo watu saba watasikia. Hawa ni watatu.

Tukakaa. Kila mteja aliyeingia, Miwani alimwelekezea mume wangu kwa kidole akasema, mwambie. Naye alisimama akasema. Wa nne alikuwa mzee wa kununua betri, hakuelewa kabisa, ikabidi aelezwe upya tangu skrubu. Wa tano alikuwa mama muuza vocha, akaomba arudiwe. Kufikia wa sita mume wangu alikuwa ameanza kuonyesha kwa mikono, jinsi alivyoona yale matundu matatu, jinsi yalivyomtazama, jinsi asivyoweza kuyaacha, na fundi wa redio alikuwa ameinamia meza anapumua kwa shida kwa kicheko. Mimi niliuma shavu. Nilikuwa nimejipangia hasira ya mwezi mzima, nina mipango nayo. Aliposema kwamba aliweka pimamaji, kile kifaa chake cha kusawazishia milango, juu ya ubao ahakikishe umekaa sawa, nikacheka kwa sauti. Kisha nikakasirika kwamba nimecheka, naye aliliona hilo, akainamisha kichwa haraka asionekane anatabasamu.

Wa saba alikuwa mwalimu wa darasa la tano, amerudisha kibodi. Miwani hakunyoosha kidole. Mume wangu alisimama mwenyewe, akamwambia yote, polepole, bila mikono, akamwomba ayafikishe chumba cha walimu kama alivyoyafikisha yale ya kwanza. Yule mwalimu alikubali huku anatazama viatu vyake. Akaniambia atamfikishia na Mwalimu mkuu leo hii, na Jumatatu saa mbili nisichelewe, Mwalimu mkuu hapendi karani anayechelewa.

Tulirudi kwa miguu. Mvua ilikuwa imepungua, manyunyu tu. Alininyooshea mkono tulipovuka mtaro, nikaushika, sikuuachia upande wa pili. Nilimpenda sana pale, niandike ukweli, nilimpenda na nilitaka kumsukuma mtaroni. Akaniuliza kama sasa yameisha.

Nikamwambia amebaki mmoja.

Akahesabu kwa vidole, akasema walikuwa saba kamili.

"Mama yako," nikamwambia.

Alisimama katikati ya njia. Watu watatu ilibidi wampite pembeni. Aliuliza, kwa sauti ambayo hakuitumia kwa Miwani wala kwa mwalimu, hivi ni lazima hata mama. Niliendelea kutembea kuelekea nyumbani, mwendo wa kawaida, nasikiliza nyuma. Baada ya kitambo nikasikia viatu vyake kwenye matope, vinakuja.